Kishungi cha Mtu Aliye Njiani

Nilipokuwa mtoto kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nywele zangu hazikuwa zangu. Zilikuwa za baba. Mimi nilizibeba tu kichwani, kama mtu anavyoshikilia mzigo wa mwenzake aliyesema anarudi sasa hivi.

Baba alipotea mwaka 1996, tulipoikimbia Kivu ya Kusini. Mama alikuwa amefariki kabla ya vita, nikiwa bado wa kunyonya, kwa hiyo safari yote niliifanya mgongoni mwa Koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi huko kwetu, na yeye ndiye mama mzazi wa baba. Baba na mdogo wake, Baba mdogo Bahati, walirudi nyuma kuokoa ng'ombe, wakasema watatukuta mbele. Mbele ikawa Tanzania, kisha Juru, mtaa mmoja wa Nakivale, penye maharage, mahindi, vumbi na nyumba za udongo zilizoezekwa kwa turubai. Hawakutukuta.

Kwetu watu hunyoa nywele wanapofiwa. Mama wa marehemu, akiwa hai, ndiye anayeanza, kisha ndugu wote hufuata, na hakuna anayejinyolea peke yake kama anayekwenda sokoni. Kunyoa ni kusema tumekubali. Kutokana na desturi hiyo Koko alikuwa na katazo lake, ambalo hakulilegeza hata kidogo: mtu akiwa njiani, mtoto wake hanyolewi. Ukimnyoa umemzika baba yake angali hai, na huko aliko ataisikia baridi ya udongo, miguu itamwisha nguvu.

"Mama Faida, huyu mtoto ana chawa," majirani walimwambia Koko, wakimwita kwa jina langu.

"Chawa batatoka," Koko alijibu. "Baba yake akianguka mu njia, nani atamuinua? Weye?"

Chawa walitoka kwa mafuta ya taa na kitana cha meno ya karibukaribu. Mimi ndiye niliyelia. Mchungaji wetu naye hakufurahi. Alisema hayo ni mambo ya mizimu. Lakini mchungaji huyohuyo alikuwa amefundisha kwamba nywele ndefu ni utukufu wa mwanamke na aibu ya mwanamume. Koko, ambaye hakujua kusoma ila alijua kusikiliza, akamjibu kwamba yeye analinda utukufu. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya zaka.

Serikali ilikuwa ngumu zaidi kuliko mchungaji. Nakumbuka siku ya kuhesabiwa, tumekaa kwenye benchi mbele ya ofisa mmoja kijana wa Kiganda, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Mama mzee, baba ya hii mtoto iko hai ama alikufa?"

"Iko mu njia."

"Njia gani? Ya Mbarara?"

"Ya kuja."

Ofisa aliiangalia karatasi yake kwa muda, kama anayetumaini itamsaidia. "Hapa iko hai, na iko kufa. Njia hakuna."

"Basi uongeze," Koko akamwambia kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto mahali chumvi ilipo.

Hakuongeza. Mwisho aliandika kwamba baba hayupo, jambo ambalo, nikilifikiria leo, lilikuwa kweli kabisa na halikumsaidia mtu yeyote.

Kisha nikaanza shule. Wakati huo, kama hadi leo katika shule nyingi za Uganda, mwanafunzi wa kike alitakiwa awe na kichwa kifupi kama cha mvulana; ukienda na nywele unaambiwa umekuja kutafuta mume. Fikiria basi: kanisani zisikatwe, shuleni zikatwe, nyumbani baba yangu ananing'inia kwenye nywele hizohizo. Nilikuwa na kichwa kimoja tu.

Koko hakutaka nikose shule. Hilo nalo alilishikilia kwa nguvu zilezile. Alikaa siku nzima akichambua maharage, jioni akaniita, akaninyoa kwa wembe kichwa kizima isipokuwa kishungi kidogo kisogoni, cha ukubwa wa kidole gumba.

"Ataweza kushika fasi hii," alisema akipagusa mahali hapo. "Baba yako iko na mukono ya nguvu."

Watoto wenzangu hawakuona mkono wa mtu yeyote. Waliona mkia.

"Faida mkia! Faida, mbuzi wa Kongo! Mee!"

Nilipigana na wengi wao, nikashindwa na wengi wao, na kishungi kikabaki. Usiku nilikishika nikisinzia, nikimwambia baba avute taratibu.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke kutoka Masha, tuliyemwita Madam, mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kengele. Kila Jumatatu alipita mstarini na mkasi. Aliyemkuta na nywele ndefu alimchimbia mfereji katikati ya kichwa, ili akamalizie mwenyewe nyumbani. Aliponifikia mimi alikivuta kishungi kwa vidole viwili.

"Hii nini?"

"Ni ya baba, Madam."

Mstari mzima ulicheka. Madam hakucheka. "Kesho uje bila hiyo, ama usikuje."

Kesho yake nilikwenda nacho, na Koko pia. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Alisimama mbele ya Madam, mbele ya shule nzima, na hakupiga goti la salamu.

"Mukaikuru," Madam alimwambia, kwa lile neno la heshima ambalo Wanyankole humwita mwanamke mzee, "shule iko na sheria. Nywele fupi. Watoto wote."

"Sheria inasema fupi," Koko alijibu. "Hii haiko fupi?" Akatoa njiti ya kiberiti aliyokuja nayo, akaiweka kando ya kishungi changu. Njiti ilikuwa ndefu zaidi. Nilisikia walimu wa nyuma wakikohoa kwa namna ya watu wasiotaka kucheka.

"Mimi hapana pima na kiberiti," Madam alisema. "Mimi nakata."

"Basi ukate."

Koko alinigeuza, kisogo kikamwelekea Madam, akaendelea kwa sauti ileile ya kuongelea maharage. "Ila kwanza useme jina ya mwana wangu. Anaitwa Bukuru. Sema: Bukuru amekufa. Mimi nimemuona maiti. Kiisha kata."

Nilisikia mkasi ukifunguka. Niliona vumbi, miguu yangu, na mchwa mmoja akivuta jani. Ikumbukwe kwamba Madam alikuwa mtu wa kanisa na wa chuo cha ualimu, asiyeamini mambo hayo hata chembe, na alikuwa amekwisha kutufundisha kwamba nywele ni seli zilizokufa. Lakini kusema lile neno juu ya mtu asiyemjua, akiwa na chuma mkononi na mama wa mtu huyo akimtazama, hilo chuoni hawakumfundisha.

Mkasi ulifungika.

"Muda imeisha," Madam akasema. "Nendeni darasa."

Baada ya hapo tuliishi kwa mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka. Mkaguzi akija, nilisimama mstari wa nyuma, kola ya shati imeinuliwa. Nikafika madarasa ya juu na kishungi changu, na wale walioniita mbuzi walikuwa wananakili hesabu zangu.

Kisha ikaja siku ya Baba mdogo Bahati.

Ilikuwa mchana wa mavuno, tunapiga maharage kwa fimbo uani. Tulisikia watoto wakipiga kelele barabarani, na mbele yao anakuja mwanamume mwenye nywele hadi mabegani, zimesokotana kama kiota. Siku hizi nikienda Ruharo, mjini Mbarara, naona vijana wanalipia saluni wasokotwe vile na wanaitwa wasanii. Miaka ile, kwetu, mwanamume mwenye nywele ndefu alikuwa ametoka msituni na bunduki, au alikuwa amerukwa na akili. Baadaye tulijua kwamba polisi walimshikilia tangu juzi yake wakimtaka anyoe kwanza ndipo apite, akakataa, hadi wakachoka kumlisha.

Mimi nilimwogopa. Koko alimtambua kwa mwendo. Alitupa fimbo, akapiga vigelegele ambavyo sikuwahi kumsikia akivipiga, hata kanisani.

"Nywele! Muangalie nywele! Hakukata! Bukuru iko hai!"

Kwa hesabu ya kwetu hakukosea. Ndugu wawili waliondoka pamoja, mmoja amerudi hajanyoa, maana yake hakuna aliyemlilia. Mtu yeyote wa kijiji chetu angeshangilia hivyohivyo. Majirani walianza kuitikia vigelegele vyake.

Baba mdogo alisimama kwenye ukingo wa uwanja na hakusogea.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini? Iko wapi? Iko nyuma?"

"Mama." Alikuwa amezishika zile nywele kwa mikono miwili, kama aliyekamatwa nazo. "Sikukata sababu sikukuwa na mutu wa kukata naye. Nilimuzika mi peke. Weye ndiye wa kuanza. Nimekuletea."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, wa mbali wakichelewa kuelewa. Koko aliketi juu ya maharage. Alizitazama nywele za mwanawe, akiona ndani yake miaka yote ile ya misitu na kambi za Tanzania alimokuwa akizipitisha kutoka kituo hadi kituo, kila askari akimwambia akate.

Mimi nilikuwa na swali moja, na nililiuliza kabla ya salamu.

"Alikufa lini?"

"Mvua ya kwanza," Baba mdogo alisema. "Mulikuwa hamuyafika hata Tanzania."

Nilishusha pumzi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, lakini tangu siku ya wembe nilikuwa na hofu kwamba tulikata nyingi mno. Kwamba kishungi hakikutosha, na baba aliteleza. Koko alinisikia ile pumzi. Akaniita, akaushika uso wangu.

"Basi haiko weye," alisema. "Wala haiko Madam. Muniletee wembe mupya."

Alianza na kichwa chake, mwenyewe, bila kioo. Kisha Baba mdogo, kazi iliyochukua hadi jua kuinama. Kisha mimi, na kishungi akakiacha mwisho. Nywele zote tulizifukia shimo moja nyuma ya nyumba, upande wa Kongo.

Jumatatu Madam alipita mstarini. Akafika kwangu, akasimama, akakizunguka kichwa changu kilichong'aa, sheria imetimia pande zote.

"Unaona?" alisema, amefurahi kwa dhati. "Kumbe inawezekana!"

"Baba amekufa, Madam."

Aliuweka mkasi mfukoni. Kisha akaweka kiganja chake kisogoni kwangu, palepale, akakiacha hapo mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Sikuwahi kumwona akipita tena na mkasi kwenye mstari wetu, ingawa sheria haikubadilika na haijabadilika.

Sasa ni 2015 na mimi ni mkalimani katika ofisi ya kuwahesabu wakimbizi. Nakaa mbele ya benchi lilelile, upande wa pili wa meza, kando ya maofisa vijana wenye kompyuta ambazo nazo zina hai na kufa tu. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba nywele hazimshiki mtu. Baba alikuwa udongoni muda wote nilipomwomba avute taratibu. Aliyeshikwa na kile kishungi alikuwa Koko, na Koko ndiye aliyenishika mimi.

Juzi alikuja mwanamke mzee kutoka Fizi, kulekule Kivu ya Kusini, na mjukuu. Kabla hajaulizwa lolote nilikitazama kichwa cha mtoto: nywele tele, hazijaguswa na wembe.

"Muulize baba yake yuko hai au amekufa," ofisa akaniambia.

Nikamuuliza. Mwanamke akajibu. Ofisa akangoja, vidole juu ya vitufe.

"Yuko njiani," nikatafsiri.

"Hiyo haipo hapa."

"Najua," nikamwambia. "Ongeza."