Abiria Wasio na Uzito

Orpa Kavugho alifundisha enformatike, yaani somo la kompyuta, katika shule moja ya sekondari ya Waprotestanti mjini Butembo. Alikuwa mtu wa kuuliza. Alipokuwa akisoma Kampala walimu wake walimchoka, na wanafunzi wake nao walijua kwamba jibu la nusu halikubaliki kwake.

Mwaka 2001 vita vilikuwa vimeua barabara, na bidhaa za Butembo za kwenda Isiro au Bunia zilipakiwa ndege Mavivi, karibu na Beni. Mfanyabiashara mmoja, Muyisa, alikodi ndege iliyorushwa na rubani Mrusi. Alikuwa amenunua programu ya kukokotoa uzito wa shehena kutoka kwa Abdias, Mnande wa kabila lao aliyekuwa akiishi Kampala. Abdias alijenga kiunzi tu. Ndani yake aliacha nafasi ili mafundi wengine wachomeke vipande vyao, kila mmoja kwa haja yake.

"Madame Orpa," Muyisa alimwambia, "ile programu inajua tu mizigo. Mi nabeba na bantu. Uniongezee kipande ya ba-passagers."

"Documentation iko wapi, Papa?"

"Ya nini?"

"Karatasi zenye kuonyesha programu ya Abdias inapokea nini toka ku kipande yangu, na inafanya nini nayo."

Muyisa hakuwa nazo. Akampa simu ya satelaiti azungumze na Abdias mwenyewe.

"Iko mufano mu disketi," Abdias alisema. "Fuata ule."

"Mufano unaonyesha magunia tu. Mutu mwenye hatukupima, niandike nini?"

"Acha wazi. Programu inajua yenye itafanya."

Simu ikakatika. Orpa alipiga tena, haikuita. Akaelewa kama fundi yeyote angeelewa: pale palipoachwa wazi, kiunzi kingeweka uzito wa kawaida wa mtu mzima. Alijaribu kipande chake kwa watu waliopimwa, hesabu ikatoka sawa. Alipoacha nafasi moja wazi, programu ilipokea bila onyo lolote. Alitaka kuchunguza zaidi, aone kama jumla imeongezeka, lakini ndege ilikuwa inasubiri na Muyisa alikuwa mlangoni.

Kipande kilipelekwa Mavivi. Aliyekitumia huko alikuwa Ésaïe, mdogo wake Orpa, msimamizi wa upakiaji; Orpa alimwelekeza aache wazi nafasi ya mtu asiyepimwa.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda. Kisha Jumapili moja Ésaïe alipanda Butembo, akaja kwa dada yake baada ya ibada. Hakugusa ugali.

"Yaya, ndege imekuwa muzito," alimwambia dada yake mkubwa. "Inakula piste yote mpaka mwisho wa uwanja. Juzi magurudumu yalipita mu majani ya miti, mi niliona na macho yangu."

"Mizigo munapimaka?"

"Yote. Karatasi inatoka, inasema tuko chini ya kipimo. Mrusi anaisoma, anatuangalia sisi, anaisoma tena. Sasa hata salamu hatoi."

"Na bantu?"

"Basivile banapanda ku balance, tunabapima. Basoda hapana. Nani ataambia soda apande ku balance na bunduki yake? Nabaachaka wazi, vile ulisema."

Orpa aliweka kijiko chini. "Banakuwaka bengi?"

"Siku zingine nusu ya ndege. Na masanduku yabo ya risasi, ile banakamata mu mikono."

Usingizi wake ulikuwa mbaya. Asubuhi, Ésaïe akiwa ameshateremka Mavivi kwa pikipiki, Orpa alimwomba mlinzi wa shule awashe groupe, jenereta ya shule. Akafungua programu, akapakia magunia ya maharage, akaiangalia jumla. Akaongeza askari mmoja bila uzito. Jumla haikusogea. Akaongeza mwingine. Akaendelea kuongeza mpaka ndege ya kwenye kioo cha kompyuta ikajaa askari, na jumla ilibaki palepale, kana kwamba ndani ya ndege ile mlikuwa na maharage tu.

Kila mtu ambaye hakupimwa alikuwa hana uzito. Hivyo ndivyo programu ilivyojua kufanya.

Orpa alikimbia hadi depo ya Muyisa. Kulikuwa na safari ya Isiro asubuhi ile, na Ésaïe alitakiwa kusindikiza shehena. Mtambo wa redio ulikuwa ofisini nyuma. Aliita Mavivi mara nyingi kabla sauti ya ndugu yake haijatoka, imefunikwa na ngurumo.

"Yaya, bamewasha moteur. Naenda."

"Hapana panda! Basoda bote banahesabiwa zéro! Unanisikia? Zéro! Muambie Mrusi azime."

"Bamekwisha kuingia. Commandant wabo iko mbele."

Muyisa alikuwa amefika, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akashika kipaza sauti. "Kama bo hapana shuka, shusha mizigo yangu. Yote."

Redio ikanyamaza. Walisubiri. Muyisa alivua kofia, akaivaa, akaivua.

Yaliyotokea uwanjani waliyasikia baadaye. Ésaïe alisimama mbele ya ndege, mikono juu, mpaka rubani akazima. Alipofungua mlango na kuanza kuvuta magunia, yule kamanda akamuuliza amepewa amri na nani. Ésaïe alijibu kwamba ni hesabu. Kamanda akampiga kwa kitako cha bunduki. Mrusi ndiye aliyeshuka, akakaa juu ya gunia, akakataa kurudi kwenye usukani mpaka shehena yote iwe chini. Ndege iliondoka na askari peke yao, na siku hiyo iliinuka mapema, uwanja ukiwa bado haujaisha.

Taya la Ésaïe lilivunjika. Kwa muda mrefu alilishwa uji kwa mrija.

Orpa alirekebisha kipande chake kikatae nafasi iliyo wazi. Kisha, kitu kimoja baada ya kingine, alikipima kiunzi cha Abdias na kuandika yale ambayo mwenyewe hakuyaandika: kinapokea nini, kinakataa nini, kinanyamazia nini. Alipompata Abdias kwenye simu, alimweleza yaliyotokea.

"Mi nilifikiri kila mutu atajaza," Abdias alisema.

"Uliuzia nani mwengine?"

"Mutu wa Bunia. Lakini Madame, ile disketi inakopiwa. Nasikia iko mpaka Goma, mpaka Kisangani. Kila mutu anachomeka kipande yake. Mi sibajue."

Orpa alinakili karatasi zake, akawapa wafanyabiashara na wachungaji waliokuwa wakisafiri, wazifikishe kwenye kila ofisi ya mizigo watakayoiona. Hakuna aliyemjibu.

Mwezi uliofuata habari zilifika sokoni kwamba ndege moja, ya uwanja mwingine, ilianguka msituni muda mfupi baada ya kupaa. Wengine walisema ilipigwa risasi. Wengine walisema ni mvua. Orpa alizunguka akiuliza ilikuwa ya nani, na hesabu yao waliifanyaje, lakini watu walimtazama kama mtu anayeuliza mambo ya hatari, wakageukia biashara zao.

Kesho yake alikaa tena mezani, akaanza kunakili zile karatasi upya.