Maji ya Ubatizo na Ng'ombe wa Sankale

"Mama Immaculate, kwani wewe hulala saa ngapi?" Waceke, jirani wa mlango wa pili, alimuuliza Dolphine siku moja wakianika nguo. Alikuwa amegundua kwamba Dolphine anajua nani katika ploti yao ya nyumba za kupanga huko Kitengela alikosa kanisa, nani alitoka kabla ya mahubiri, na nani alibeba Biblia bila kuifungua.

"Mtumishi halali, dada. Adui naye halali," Dolphine akajibu, akabana shuka kwa kibanio.

Hakuwa anajisifu, hapana. Alikuwa anaeleza tu vile mambo yalivyo. Kanisani yeye ndiye mkuu wa wahudumu wa mlangoni, na mtu akisinzia alimgusa bega kwa kidole kimoja, polepole, kwa upendo ulioacha alama. Nyumbani alikuwa amemchunga mume wake Odero, karani wa ghala, miaka kumi na tisa. Odero alipenda mpira sana na chupa zaidi, na kila Alhamisi kina mama wa maombi waliletewa habari zake zote, ili wamwombee. Mwaka huu aliacha chupa, halafu akakubali kubatizwa. Watu wakafurahi. Dolphine akaingiwa na hofu. Alijua Odero akipata sababu moja ya kurudi nyuma, itamtosha miaka mingine kumi na tisa.

Kiangazi kilikuwa kikali. Kanisa lao la mabati halina mto karibu; watu hubatizwa ndani ya shimo lililotandikwa turubai, na maji huletwa na lori. Jumapili ya ubatizo wa Odero lori lilifika mapema, likajaza shimo mpaka kiunoni. Pasta Ndambuki akatafuta mtu wa kulinda maji wakati wa ibada, maana ng'ombe walikuwa wanapita kila siku wakitafuta chochote chenye unyevu.

"Nani mwingine?" akasema Pasta. "Macho ya Mama Immaculate yanatosha."

Dolphine akaketi kando ya shimo kwenye kiti cha plastiki. Ndani Pasta akaanza mahubiri. Somo la siku lilikuwa kukaa macho katika utumishi. Dolphine alisikia kila neno kupitia mabati, akasikitika kwamba wale wanaolihitaji pengine wanasinzia na yeye hayuko. Akaona heri awaombee. Akafunga macho. Alianza na wenye kusinzia, akapita kwa kwaya, akafika kwa Odero, na kwa Odero akakaa sana.

Alipofumbua macho, kwaya ilikuwa inatoka ikiimba, nyuma yake watu tisa wenye kanzu nyeupe. Mbele yake ng'ombe arobaini walikuwa wanalamba turubai.

Kwaya ikanyamaza, sauti moja moja.

"Sankale!" Dolphine akamlilia mwenye ng'ombe, aliyekuwa amesimama kando na fimbo yake. "Si ungeniita?"

"Nimekusalimia sopa mara tatu, mama," Sankale akajibu kwa upole. "Lakini ulikuwa unaongea na Mungu. Mimi ni nani nikukatize? Nikangoja umalize. Hawa ndio hawakungoja."

Mtu akacheka huko nyuma. Dolphine hakugeuka kuona ni nani. Alikuwa anamtazama Odero, miguu mitupu, kanzu mpya, akimngoja aseme twende nyumbani.

Odero akachungulia shimo. Maji yaliyobaki hayangemfunika hata vidole.

"Miaka yote hii nilidhani kanisa ni la watu wasiosinzia," akasema. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Pasta, maji yanakuja tena lini?"

"Jumapili ijayo, Mungu akijalia na lori likikubali."

"Basi ni Jumapili."

Dolphine hakuamini. Alhamisi kina mama wa maombi walikaa tayari kusikia habari za Odero. Akawapa zake mwenyewe. Hazikuwa nyingi, lakini zilichelewa kutoka.

Jumapili lori likajaza shimo tena. Pasta akatazama huku na huku, akitafuta jina lingine kwa adabu, lakini Dolphine alikuwa ameshabeba kiti chake. Halafu akarudi kuchukua cha pili. Upande wa barabara vumbi lilikuwa linainuka. Akamwita mume wake, aliyekuwa anaelekea mlangoni na kanzu mkononi.

"Baba Immaculate, kuja ukae na mimi hapa. Nikifunga macho kuomba, wewe angalia ng'ombe."