Skrubu Nne za Msalaba wa Bibi Marselina

Siku ya kwanza karakanani Likombe nilifika na cheti cha chuo kwenye bahasha. Mzee Hamisi, fundi mkuu, aliiweka pembeni akanipa msasa. "Msomi, karatasi inayolainisha mbao ni hii." Jumatatu ninaanza kufundisha shule, baada ya miaka miwili ya majeneza. Haya namwachia atakayeshika bisibisi yangu.

Mzee Hamisi ni Mwislamu, lakini mambo ya Wakatoliki aliyajua vizuri. Msalaba mtupu, alinifundisha, husimama kaburini na jina la marehemu. Wenye sanamu ya Yesu hukaa juu ya mfuniko wa jeneza. "Maiti wao haendi peke yake," alisema. "Anatanguliwa na yule aliyeteswa."

Kwamba huo wa pili hutolewa kabla ya kuzika na kupewa mfiwa, hakuniambia. Nami sikuuliza.

Alipofariki Mzee Zakaria wa Madimba, mkewe, Bibi Marselina, alileta msalaba wenye sanamu, ambao mama mkwe wake alivuka nao mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Niliwaza mashimo ya barabara ya Madimba. Ukidondoka mbele ya waombolezaji je? Nikapiga skrubu nne, na gundi chini yake.

Makaburini, Baba Paroko aliushika, akavuta. Jeneza zima likasogea.

"Jamani, hili limefungwa na mafundi wa bomba la gesi!" akasema mchimba kaburi. Watu wakacheka kwa kujificha.

Bibi Marselina hakucheka. "Mjukuu wangu, huo ndio nitakaoufumbata siku yangu ya kufa. Ukienda chini, nitashika nini?"

Nilipiga magoti, bisibisi ilikuwa mfukoni. Skrubu zilitoka, gundi ikagoma. Mzee Hamisi, aliyekuja kuzika, aliinama na kisu chake. "Taratibu. Usishindane nao." Msalaba ukabanduka na kipande chembamba cha mbao ya mninga nyuma yake. Nikaanza kukikwangua.

"Kiache," Bibi akanishika mkono. "Hicho ni cha jeneza la Zakaria."

Mengine ya kazi hii utayazoea. Hili ulijue mapema: unachofunga juu ya jeneza kuna mtu anakisubiri. Uliza ni nani.

Bibi Marselina alikufa mwaka uliofuata, msalaba mkononi. Jeneza lake nililitengeneza mwenyewe. Nilitia skrubu mbili, nikazikaza kwa vidole. Baba Paroko aliutoa kwa mkono mmoja, akampa binti wa marehemu. Kipande cha mninga kilikuwa bado nyuma.