Arusha hadi Dar kwa ndege: Baba aligoma kuwapita ndugu zake juu kwa juu

Wakuu, salaam kutoka Karatu, ambako leo ukungu haujatuacha tangu asubuhi. Najua humu kila uzi wa safari huitwa chai, yaani hadithi ya kutunga. Huu hauna hata jani.

Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa Dar. Sharti lake lilikuwa moja: babu yake, yaani baba yangu mzazi, ambariki kwa Kiiraqw, lugha yetu, la sivyo hatoki ndani.

Mzee anaishi kijijini Kansay, huku huku Karatu, na nyonga yake haikubali tena kukaa kwenye basi kutwa. Nikakata tiketi za ndege, nikaenda kumweleza.

Mimi nikieleza kitu, naandika insha. Nikamchorea na ramani. Arusha–Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita mia sita, unatoka alfajiri unafika jioni. Kwa ndege ni saa moja na kidogo.

Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa ni Same?"

"Ndiyo, Baba."

"Dada yangu yuko hapo. Na mdogo wangu yuko Korogwe. Ndege inasimama?"

"Haisimami. Inapita juu."

"Basi siendi. Nipite juu ya nyumba ya dada yangu kama mwewe, bila hodi?"

Kwa wasiotujua: kwetu hupiti kwa ndugu bila kuingia, hata kama ni kunywa maji tu. Watu wamenuniana miaka kwa hilo.

Nikamwambia kule juu hakuna atakayemwona. Kosa kubwa!

"Kumbe unanifundisha kupita kwa kujificha," akasema, akaenda kuangalia ng'ombe.

Digrii mbili, wakuu, nimeachwa uani na ramani yangu.

Harusi inakaribia, binti analia kwenye simu. Mwishowe nikampigia shangazi wa Same, nikaweka spika, nikamsogezea Mzee.

"Wanataka nikupite juu," akamshtakia.

"Pita, kaka! Nitatoka nje nikupokee. Mtoto akikosa baraka kwa ajili yangu, nakuja huko Kansay kukugombeza, na nitakaa mwezi."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Huyo akija atamaliza maziwa yote. Nitapita."

Ndugu wa Korogwe naye akapigiwa, akaridhia.

Ndani ya ndege nilimpa kiti cha dirishani. Milima ya Upare, upande wa Same, ilipotokea, akavua kofia, akamsalimia dada yake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Abiria wakageuka. Mhudumu akaja mbio.

"Mzee, kuna shida?"

"Hakuna, mwanangu. Nimefika kwa dada."

Mimi nilijifanya nasoma maelekezo ya mkanda. Kisha nikajiuliza, naona aibu ya nini? Nikainama dirishani, nikamwamkia shangazi. Tulipofika Korogwe, mimi ndiye niliyetangulia kusalimia.

Ukumbini, kabla ya baraka, Mzee aliwaambia wakwe: "Sikuja peke yangu. Nimetumwa na Same, nimetumwa na Korogwe." Wakwe wale wa mjini wakasimama wote. Akambariki mjukuu wake, sisi wa Karatu tukaitikia kila mstari, na baada ya muda ukumbi mzima ukawa unaitikia. Nililia hadharani nikiwa na tai, na nilijivuna kuitwa mtoto wa yule mzee.

Nilichojifunza: ukiulizwa muda wa ndege Arusha–Dar, jibu ni saa moja na kidogo, ila kwanza wapigie walio njiani.

Mliowahi kupandisha wazee ndege, ilikuwaje? Na wa Same mliomwona mama mmoja akiipungia anga kwa khanga mpya, huyo ni shangazi yangu. Msimcheke.