Kurasa Tupu za Pasipoti Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikishika pasipoti hunirudia yote, pamoja na harufu ya kashata. Nasikia umepata likizo ya kazi yako ya upishi huko Afungi, na umejiandikisha kwenye ziara ya kikundi: watu kumi na sita, gari moja, mwongozaji mmoja, nchi nne. Nimefurahi. Nimefurahi mara mbili, maana mimi kila kitu hukihesabu mara mbili. Lakini kabla hujaanza kukunja nguo, kaa hapa kidogo. Ziara kama hiyo mimi nimeshaiendea, na nusura niiharibu kwa neno moja fupi.

Wakati huo sijafika thelathini. Nilikuwa navuka Namoto kwenda Tanzania na kurudi: naenda na nazi na ng'onda, wale samaki wetu wa kukausha, narudi na kanga na sabuni. Wenzangu walivuka na kikaratasi cha kibali cha mpakani, na biashara yao ilikwenda vizuri tu. Mimi nikataka pasipoti. Na si kugongewa muhuri hivi hivi; nilikuwa namwambia ofisa, "Baba, nigongee katikati ya ukurasa, upendeze." Wakawa wananigongea katikati, upendeze. Ukurasa mmoja, muhuri mmoja, kama picha ukutani. Nikirudi kwetu Kionga naifungua mbele za watu kama wengine wanavyoonyesha albamu ya harusi.

Basi walimu wa Palma wakapanga ziara ya kwenda kuona maporomoko makubwa ya mto Zambezi, yale wenyewe wanayaita Mosi-oa-Tunya. Tungetokea mpakani Mandimba, tukate Malawi, tuingie Zambia, na kurudi kwa njia ile ile. Watu kumi walikwishajiandikisha, nafasi mbili zikabaki. Moja nikachukua mimi, nyingine nikamchukulia shangazi yangu, Bi Zaituni.

Bi Zaituni alifundisha chuo cha Kurani hadi magoti yakamwambia inatosha. Alipokuwa mtoto alichota maji kisima cha mbali, mitungi miwili kila alfajiri, na siku moja mgeni mmoja akamwambia kuna mahali huko bara maji yanaanguka mchana na usiku na hayaishi. Mtoto aliyetoka kisimani na shingo inamuuma, utamwambiaje maneno hayo? Hakuamini. Lakini hakusahau pia. Uzeeni bado alikuwa akisema, "Kabla sijafa nikayaone hayo maji, nijue yule mtu alikuwa mwongo au siyo." Kwa magoti yale asingeweza kwenda peke yake. Alihitaji bega la kushikia, na bega lenyewe lilikuwa langu. Nisipofika mimi, yeye hafiki. Shika hilo, mwanangu, maana ndilo lililokuwa mizani siku ile, si nazi zangu.

Mwongozaji wetu alikuwa Senhor, yaani Bwana, Baltazar, mtu wa Nampula, mwembamba, kalamu haitoki sikioni. Wiki tatu kabla ya safari alitukusanya barazani kwa mwalimu mmoja akatusomea karatasi yake. Begi moja laini la kilo kumi na tano, kwa sababu buti la basi ni dogo na begi gumu halikubali kusukumwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dawa za malaria. Sweta, maana mwezi wa sita huko milimani kuna baridi. Na pasipoti: kila mtu ahesabu kurasa tupu, kwani kila nchi ina muhuri wa kuingia na wa kutoka, kwenda na kurudi.

"Msiniambie mnajua," akasema. "Hesabuni."

Nikacheka kichinichini. Mtu wa Nampula anifundishe mpaka mimi, niliyeota meno Namoto? Shangazi aliandika yote kwenye daftari lake, tena kwa hati ya chuo, imenyooka. Mimi niliandika aina za kanga. Nilikwishapanga kwamba huko bara watakuwa na hamu ya nazi na ng'onda, na mwenye hamu habishani sana.

Siku ya kuondoka Senhor Baltazar alisimama mlangoni mwa basi na mzani wa ndoano, ule ule wa kupimia samaki. Begi la shangazi lilikuwa kilo saba. Langu liliifanya ndoano ilie.

"Thelathini na moja," akasema.

"Mzani wako una njaa, kaka. Sema ishirini na tano."

"Kumi na tano, dada."

"Ishirini na mbili tumalizane, watu wanataka kuondoka."

"Dada, hapa sipokei bei. Unabishana na ekseli ya gari, siyo na mimi."

Nikaona huyu hashikiki kwa mdomo, nikatumia mikono. Kanga tatu kwenye begi la mwalimu huyu, tatu kwa yule. Ng'onda nikampa dereva anitunzie, kwa tabasamu ambalo hakuweza kulikataa. Nazi zikajipenyeza chini ya viti. Kashata za nazi, pakiti nne, nikazishindilia kwenye pochi yangu pamoja na pasipoti, maana pochi haipimwi. Begi lilipotundikwa tena lilisoma kumi na tano na nusu. Senhor Baltazar akacheka mwenyewe, akaandika kumi na tano.

Nikapanda nikiwa mshindi, na ushindi huo ulikuwa umenijaa masikio. Akapita kati ya viti akimuuliza kila mtu, "Kurasa tupu?"

"Thelathini," akajibu shangazi. "Nimehesabu."

Akafika kwangu. Nikasema, "Tele."

Tele! Mimi niliyehesabu nazi mara mbili, kanga mara mbili, hata kashata nilizihesabu, pasipoti sikuihesabu hata mara moja.

Siku mbili tulikula vumbi na kuimba. Mle ndani kulikuwa na furaha, mwanangu, mpaka dereva alikuwa anapunguza mwendo ili wimbo usikatwe na mashimo. Jua likaiyeyusha kashata kwenye pochi. Nikafuta kwa leso juu juu, nikalamba vidole, nikaendelea na kiitikio.

Mandimba tukapanga foleni. Ofisa alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi. Akaifungua pasipoti yangu.

"Namoto," akasema. Akafunua. "Namoto." Akafunua tena. "Namoto. Mama, wewe unaishi humu ndani?"

Foleni ikacheka, nami nikacheka nao. Kisha akafika mwisho, akaifunga, akanirudishia.

"Kila muhuri umekaa katikati, pembeni hapatoshi. Sina pa kugonga. Nikikutoa hapa, Malawi watakurudisha. Huvuki."

Ulimi wa sokoni ukaamka wenyewe. "Baba, gonga juu ya ule wa zamani, umeshafifia. Au gonga nusu."

"Nusu ya muhuri?"

"Robo, basi."

Ofisa akamtazama Senhor Baltazar, na Senhor Baltazar akanitazama mimi. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Uliniambia tele."

Tukatoka nje. Wenzetu kumi walikuwa wamesimama juani, hakuna aliyekuwa anaimba. Mwongozaji akaangalia saa. Tulikuwa na mji wa kufika upande wa pili kabla ya giza, na gari haliwezi kungojea kwa ajili ya mtu mmoja.

"Nusu saa," akasema. "Baadaye kuna gari la kurudi nyuma hadi mji wa Cuamba. Nitamtafutia nafasi moja."

"Mbili," ikasema sauti nyuma yangu. Ni shangazi, ameshashusha begi lake la kilo saba, analiburuza. "Bega langu likirudi, na mimi narudi."

"Shangazi, wewe nenda. Walimu watakushika."

"Shamu, nyamaza." Akaketi juu ya begi, magoti yakalia. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Unadhani kosa lako ni kurasa? Kurasa humwishia mtu yeyote. Kosa lako ni kwamba umeulizwa na mtu aliyekubeba, ukamjibu kama mteja. Yule hanunui kitu kwako. Yeye anataka kukufikisha. Nenda kamwambie ukweli, na leo usipunguze hata kidogo."

Mwanangu, nimetukanwa na wachuuzi wa pande zote mbili za Ruvuma, na hakuna tusi lililonichoma kama maneno yale ya upole. Nikaenda. Nikasimama mbele ya Senhor Baltazar na wenzangu wote nikasema, "Sikuhesabu. Nilisema tele kwa majivuno. Nisameheni, nimewachelewesha, na nimemponza shangazi yangu."

Kisha akaitoa ile kalamu sikioni, sijui kwa nini, akairudisha. "Basi zihesabu sasa," akasema. "Angalau tujue."

Kabla sijaifungua pasipoti, shangazi akaichukua. Akawa anahesabu kwa midomo, anasoma tarakimu chini ya kila ukurasa kama anavyofuatisha mstari wa juzuu. "Kumi na tisa... ishirini... ishirini na moja... ishirini na nne." Akasimama. Akarudi nyuma. "Ishirini na mbili na ishirini na tatu ziko wapi?"

Mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba walionitengenezea pasipoti walinipunja kurasa.

Shangazi akaisogeza puani. "Kashata," akasema.

Sukari ilikuwa imeingia ukingoni ikazigandisha kurasa mbili uso kwa uso, kwa ustadi kama kazi ya fundi. Ofisa alikuwa ametoka kutazama. "Bibi, polepole," akasema. "Zikichanika pasipoti haifai tena, hapo hata mimi siwezi kumsaidia."

"Mwanangu, mimi nimefungua juzuu zilizolowa masika, tena za watoto wenye makamasi. Sogea, unanizibia mwanga."

Akavuta uzi kwenye pindo la kanga yake. Akaupulizia ukingo pumzi ya joto, haa, haa, akapenyeza uzi pembeni, akaanza kuuvuta taratibu, kidogo huku, kidogo huku. Watu kumi, mwongozaji, dereva na ofisa, wote tumeinama juu ya mikono ya mwanamke mmoja kana kwamba anazalisha. Uzi ukashika katikati. Akapuliza tena, akangoja, akavuta. Pakasikika sauti ndogo, na kurasa zikaachana.

Nyeupe, mwanangu. Zote mbili, safi kama shuka za hoteli, isipokuwa utamu kidogo ukingoni.

Vigelegele vilivyopigwa pale Mandimba, nadhani Malawi walidhani tunaleta bibi harusi. Senhor Baltazar akatoa pamba kwenye sanduku lake la dawa akafuta ukingo. Kisha tukapiga hesabu: Msumbiji kutoka, Malawi kuingia na kutoka, Zambia kuingia. Minne. Kurudi minne. Minane kwenye kurasa mbili, yaani minne kila mmoja, kila pembe na wake. Nikarudi dirishani.

"Baba," nikamwambia ofisa, "sikuombi upunguze. Nakuomba kona."

Akaugonga muhuri pembeni kabisa, umenyooka. Na kila mpaka ulionifuata niliomba kona, wala hakuna aliyeninyima. Wa nane niligongewa nikirudi nyumbani, ukaingia kwenye pembe ya mwisho kama ulipimwa.

Nazi hazikuuzwa. Tulizila njiani sote, na ng'onda tukaziunga, dereva alikuwa na haki zaidi kwa sababu alikaa nazo puani safari nzima. Zile kanga zikawa sweta za watu wasiokuwa na sweta, akiwemo mwenye kanga. Siku tulipofika, tulianza kusikia maji kabla hatujayaona. Moshi wake ulikuwa umesimama juu ya miti. Shangazi akashika bega langu, tukashuka kijia kile hatua kwa hatua mpaka manyunyu yakatulowesha kichwa hadi kucha. Pasipoti zetu zilikuwa kavu, kwa sababu Senhor Baltazar alikwishazifunga kwenye plastiki, bila kumuuliza mtu.

Bi Zaituni alitazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, machozi na maji ya mto vikachanganyika usoni.

"Maji yote haya, Shamu," akapiga kelele sikioni mwangu, "na hakuna aliyetumwa na mtungi!" Akapumua. "Yule mtu hakuwa mwongo."

Basi sasa nisikilize, kwa sababu gari lako linaondoka Jumamosi. Leo leo fungua pasipoti yako, fungua kila karatasi kwa kidole, hesabu kurasa tupu, halafu hesabu tena. Tazama na tarehe ya mwisho. Nchi nyingine zinataka iwe imebaki miezi sita. Kama haitoshi sema leo, usiseme dirishani. Kadi ya manjano iweke pamoja nayo kwenye mfuko wa plastiki, na nakala zake ziweke begi lingine. Muulize nesi dawa za malaria zinaanza lini, zipo zinazoanza kabla hujatoka nyumbani. Chukua begi laini, tena uliinue mwenyewe mpaka juu ya kabati, ukihema, punguza. Beba sweta, hata kama hapa unatoka jasho kwa kuiangalia. Viatu vipya usivianzie huko, vivae kuanzia kesho ukienda sokoni. Vitafunio beba vikavu. Na biashara iache nyumbani, mwanangu; nakwambia mimi, kwa hiyo unajua nimeumia kulisema.

Lakini ukisahau vyote hivyo, usisahau hili moja: mwongozaji akikuuliza kitu, kama ni kurasa, kama ni tumbo, kama ni goti, mjibu kama ulivyo. Usimjibu tele. Mkiwa kundi, upungufu unaouficha wewe unawashusha garini watu kumi na watano, na mmoja wao pengine amengoja maisha yake yote.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akuwekee maofisa wenye subira na dereva asiyesinzia, akupe bega la kushikia na akufanye bega la mwenzio. Akuonyeshe vile ulivyoambiwa utotoni ukavidhania uongo, na akurudishe Kionga salama, kurasa zimejaa na hakuna hata mmoja unaonata. Amina. Na mara ya pili, amina.