Waliponiombea Unesi

Kila Jumamosi nyumba yetu ya Adelphi, jimboni Maryland, ilinukia chapati na dawa ya kusafishia sakafu. Ndiyo siku ambayo akina mama wa kikundi cha maombi walikuja kwetu moja kwa moja kutoka zamu hospitalini, wakavua viatu vyao vyeupe mlangoni. Nilizipenda siku hizo kupita kiasi. Majira ya kuchipua ya mwaka wangu wa mwisho wa sekondari walifunga na kuniombea nisomee unesi, na kila mmoja akaniletea sare yake ya zamani, imefuliwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Binti wa nesi, tena Marekani, angesomea nini kingine?

Mimi nilikuwa nimeshatekwa na kinu cha nyuklia. Shule ilitupeleka kukitembelea, kule kusini kando ya ghuba, tukaoneshwa chumba cha mafunzo ya waendeshaji chenye swichi ukuta mzima. Mwendeshaji mmoja alisoma agizo, mwenzake akalirudia neno kwa neno, wa kwanza akathibitisha, ndipo mkono ukanyooshwa kwenye swichi. Mimi niliyelelewa katika nyumba ambamo wote huongea kwa pamoja na wote hujibiwa, niliutamani sana utulivu ule. Mshauri wa shule alinieleza njia za kufika pale: jeshi la wanamaji, shahada ya uhandisi, au chuo cha miaka miwili kinachofundisha kazi ya mitambo, kisha mafunzo kinuni na mtihani wa leseni. Moyo wangu ukaangukia hiyo ya mwisho. Lakini chuo cha unesi, nilichoomba ili kumridhisha mama, kilikuwa kimenikubali na kinasubiri jibu.

Nilimwambia mama jikoni akisukuma chapati. Aliuliza kuhusu mionzi, akauliza kama nitazaa, akauliza wenzake watasema nini, na hilo la mwisho ndilo lililomliza. Nami nikalia, kwa sababu nilimpenda na sikutaka aaibike.

Jumamosi iliyofuata alisimama sebuleni kabla ya wimbo wa kwanza.

"Wamama, tulikosea," alisema. "Tuliombea huyu mtoto nursing na hatukumuuliza. Mumbi, sema chenye unataka, ndio tuanze upya."

Nikasema. Mwenyekiti wao akataka kujua kama hiyo nyuklia si ile ya mabomu. Nikamweleza kwamba yangu ni ya umeme. Basi wakapiga magoti wakauombea umeme kwa machozi, utadhani stima imepotea Maryland nzima.

Leo nina leseni, na utulivu ule ndio kazi yangu. Kikundi kimetawanyika, wengine wamehamia mbali, wengine wamerudi nyumbani Kenya, na wengine tumewazika. Mwanangu sasa yuko mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Anachagua chuo kwenye simu, mlango wa chumba umefungwa. Nikimuuliza anataka nini, hunijibu kwa Kiingereza, tena kwa adabu. Yuko huru kabisa. Hakuna hata mtu mmoja anayemwombea kitu asichokitaka.