Pete Usoni mwa Cicily

Karwirwa hakujua kutulia. Alikuwa mwalimu Kiirua, akaacha. Akauza nguo sokoni, akaacha hiyo pia. Kazi ya picha ndiyo iliyomshika, na hata katika studio yake ndogo mjini Meru aliongea na wateja huku akisogeza viti na kuchungulia nje.

Julai moja ya baridi, miaka ya sabini, aliingia Njuki, mkulima kutoka Mbeere. Alifungua kitambaa, akatoa negativu moja, filamu ya picha, iliyojikunja kama jani kavu.

"Ni binti yangu, Cicily. Malaria ilimchukua. Picha yenyewe ililiwa na mchwa," alisema. "Mama yake ananiuliza kama kidoti kilikuwa kwenye shavu la kulia au la kushoto; yeye anadhani la kushoto. Mimi nimesahau. Nifanyie kubwa, tuione."

Karwirwa aliingia chumba cha giza. Kwa kuwa negativu ilikataa kunyooka, aliibana katikati ya vioo viwili vya mashine ya kukuzia picha. Karatasi ilipoanza kutoa sura ndani ya dawa, moyo ulimruka. Mashavuni mwa msichana mlikuwa na pete, moja ndani ya nyingine, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kidoti hakikuonekana.

Alifuta vioo, akapiga nyingine. Pete zilihamia kwenye paji la uso. Akafuta tena, akabana zaidi, zikaongezeka.

Njuki, aliyechoka kungoja, alipoonyeshwa karatasi iliyolowa alirudi nyuma.

"Hizi ni nini? Mtoto wangu hakuwa na alama hizi."

"Si yeye, mzee. Ni mashine."

"Basi mwache. Nirudishie, niende. Pengine hataki kuangaliwa."

"Nipe mpaka kesho. Tafadhali."

Alikubali shingo upande, akaenda kulala kwa jamaa yake.

Karwirwa hakuonja chakula. Alizunguka chumbani akijisemea. Kama zingekuwa uchafu, zingetoka. Kama zingekuwa kwenye filamu, zisingehama. Zilihama kila alipobana. Basi zilitoka pale upande wa filamu unaong'aa ulipogusana na kioo kinachong'aa, ukiacha upenyo mwembamba kuliko unywele, mwanga ukachezea humo.

Aliondoa kioo cha juu. Pete zikatoweka, lakini joto la taa likaivimbisha filamu, na macho ya Cicily yakawa ukungu. Karwirwa alipiga meza kofi.

Asubuhi alimkimbilia Bundi, fundi wa fremu.

"Una kile kioo cha kufunikia picha, kisichorudisha mwanga?"

"Kile chenye mkwaruzo mdogo? Kimebaki kipande."

"Nikatie. Sasa hivi, Bundi!"

"Ngoja basi nimalize chai."

Karwirwa hakungoja, alimsimamia mpaka akakata.

Kioo hicho alikiweka juu, uso wake wenye mikwaruzo ukilalia mgongo unaong'aa wa filamu. Mikwaruzo ilizuia nyuso mbili zisinatane. Chini alibakiza kioo cha kawaida, maana upande ule wa filamu haung'ai, na mikwaruzo hapo ingetokea kwenye picha. Akahakikisha mara tatu kwamba hakuigeuza negativu, kulia kusije kukawa kushoto. Kisha akatikisa sinia la dawa, pumzi ameishika.

Uso ulitokea safi.

Njuki alipofika aliishika picha kwa ncha za vidole. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaitazama mpaka Karwirwa akashindwa kuvumilia.

"Mzee? Ndiye?"

"La kushoto," alisema Njuki. "Kidoti kilikuwa kwenye shavu la kushoto. Mama yake alikuwa amesema kweli."

Manyunyu yalikuwa yameanza nje. Karwirwa alimwambia angoje, atafute nailoni ya kuifunikia. Alipogeuka, mzee alikuwa amevua koti, ameifunga picha ndani yake, na anavuka barabara na shati tu, akiikumbatia kifuani kama mtoto aliyelala.